Saini Mbili za Bi Mwasiti

Watu wa Likombe husema nina hasira. Sina hasira. Nina haraka, na wenzangu wa pwani hawana, basi tukikutana katikati wao hupaita hapo hasira. Jina langu Yustina, mzaliwa wa Mbinga, mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ule wa sabini na tano nilikuwa nafundisha watoto asubuhi na wazazi wao alasiri. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mwaka huo ujinga ufutwe nchi nzima, na kwangu mimi tangazo ni tangazo. Nilikabidhiwa watu wazima thelathini na wawili wa kisomo, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia videvu, na nilikusudia kuwafuta ujinga mmoja mmoja, wapende wasipende.

Aliyenitoa jasho kuliko wote alikuwa Bi Mwasiti binti Chande. Mjane, miaka hamsini na kitu, mwenye shamba la mikorosho kule Mtawanya. Miaka kumi na moja alikuwa akiuza korosho zake na kuweka akiba ili aende kuhiji Maka, na mwaka huo ndio akiba ilikuwa imetimia. Kwenye mizani humwibii hata robo kilo. Lakini kwenye kalamu, loo! Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; Bi Mwasiti alikuwa ng'onda, keshakauka. Kalamu aliishika kama mchi, ulimi nje, na herufi S aliiandika imetazama nyuma kila siku ya Mungu, niseme nisiseme. Na nilikuwa nasema.

"Bi Mwasiti, S yako inatazama wapi?"

"Huku, mwalimu."

"Huku ndiko wapi?"

"Huku ilikotoka."

Darasa zima likacheka, mimi sikucheka. Nje ya darasa nilimpa shikamoo yake kamili, maana ni sawa na mama yangu mzazi. Ndani ya darasa nilikuwa mwalimu wake, na mwalimu hampi mtu shikamoo kwa S iliyogeuka.

Mwanzoni mwa Juni kibali chake cha fedha za kigeni kikafika kutoka Dar es Salaam. Siku zile hukuamka tu asubuhi ukabadilisha shilingi zako kuwa fedha za watu. Unaomba, unangoja, unapewa kiasi, na kiasi chenyewe kina tarehe ya mwisho. Bi Mwasiti alipewa pauni mia moja, azichukue benki kabla Juni haijaisha, zikimpita zimempita. Mwanawe Muhidini, fundi baiskeli, alisema mambo ni rahisi: azinunue noti za kigeni kwa watu, mkono kwa mkono, azishone ndani ya mkwiji, ajifunge kiunoni, basi.

"Hiyo rahisi ndiyo jela," nikamwambia. "Unataka mama yako akahiji Lilungu?"

Lilungu ndiko kwenye gereza letu. Muhidini akarudi kwenye pancha zake.

Bi Mwasiti akaniomba nimsindikize benki mjini, nimsomee maandishi madogo. Karani wa dirisha la fedha za kigeni alikuwa Petro, kijana wa Moshi, mpole mno, anayeongea kama mtu anayepita na mtungi wa maji kichwani. Nadhani wateja wa dirisha lile walikuwa wanne kwa mwaka. Alipotuona alifurahi hata akatoka nje kutuletea kiti.

"Mama, kuna njia tatu za kupeleka fedha zako," akaanza.

"Kila njia niambie inakula kiasi gani," Bi Mwasiti akasema. "Uzuri wake utaniambia baadaye."

Ndivyo alivyokuwa. Petro akasema njia ya kwanza ni kuzipeleka kwa simu, zinafika Jedda siku ya pili, ada yake shilingi sitini. Bi Mwasiti akauliza kama simu yenyewe inapanda ndege daraja la kwanza. Petro akajibu kwa makini kwamba simu haipandi ndege. Njia ya pili ni dirafti, karatasi moja kubwa unayokwenda nayo mwenyewe, ada shilingi thelathini na tano, na benki ya kule nayo itakata chake.

"Itakata ngapi?"

"Hatujui, mama. Wao ndio wanajua."

"Basi hiyo ni kama kumpa mbwa nyama akushikie."

Njia ya tatu ilikuwa hundi za msafiri. Petro akazitoa kwenye kabati kwa mikono miwili. Karatasi ndogo, ngumu, zenye maua kingoni, kila moja pauni kumi. Ada yake shilingi moja kwa kila mia, jumla haifiki shilingi ishirini, na kule mbele hawakati kitu. Zikiibiwa, unaandikiwa nyingine. Bi Mwasiti akauliza kama hiyo shilingi moja haishuki ikawa senti sabini na tano. Petro akasema benki haina bei ya maelewano. Bi Mwasiti akasema amesikia, ila kuuliza si kuiba.

"Ila kuna jambo moja," Petro akasema. "Hundi hii ina mahali pawili pa saini. Leo unaweka saini hapa juu, mbele yangu. Ukifika kule unaweka ya pili hapa chini, mbele ya karani wa kule. Anaziangalia. Zikifanana, anajua ni wewe, anakulipa. Zisipofanana, halipi, na anaweza kuita polisi."

"Na kidole gumba?"

"Kidole gumba ni kwenye dirafti. Na kule watataka mashahidi wawili wanaokufahamu."

"Jedda nani ananifahamu mimi?"

"Ndiyo hapo, mama."

Bi Mwasiti akatazama kidole chake gumba, kisha akazitazama zile hundi. Aliniambia pembeni kwamba moyo wake uko kwenye dirafti, bora alipe zaidi, mashahidi atawapata kwa wenzake wa msafara. Na mimi, mwenye haraka zangu, nikamwambia nini? Nikamwambia achukue hundi. Mtu yuko kwenye kisomo, mwalimu wake yuko hai, halafu aende nchi za watu akapakwe wino kidole kama mfungwa! Hiyo ni aibu yake au ni aibu yangu? Saini nitamfundisha mimi.

"Na S yangu, mwalimu?"

"S yako niachie mimi."

Basi nikamfundisha jina lake peke yake, wiki mbili, asubuhi kabla ya watoto na jioni baada ya wenzake kwenda. S haikunyooka. Tarehe thelathini Juni, siku ya mwisho ya kibali, tukasimama dirishani kwa Petro, hundi kumi zimepangwa mezani. Mkono wa Bi Mwasiti ulikuwa unatetemeka. Nikasimama nyuma ya bega lake nikamhimiza kidogo. Nilimhimiza tu, wala sikumgusa, ingawa mlinzi wa mlangoni aliingia ndani kuangalia kuna nini. Akaandika Mwasiti mara kumi. M ilikuwa na miguu mitano, S ilitazama ilikotoka, T zote zimelala ubavu, na mstari mzima ulitambaa kama siafu waliomwagiwa maji. Petro akazitazama, akasema zinafanana zote kumi, na kinachotakiwa ni kufanana. Alisema kweli. Zilikuwa mbaya kwa namna moja.

Julai ilipoanza mimi nikaugua. Homa ya nyongo, macho ya manjano, nikalazwa wiki sita. Muhidini aliwaambia watu kwamba kwa mwalimu yule nyongo haikumshangaza, na nilipopona nilimtafuta tukazungumza. Darasa langu la kisomo alipewa Raheli, msichana aliyemaliza ualimu mwaka huo huo, sauti yake huisikii ukiwa dawati la pili. Nililala hospitali nikiwaza kwamba wale watu thelathini na wawili wamekwisha, watarudi kwenye ujinga wote kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Mtihani wa taifa wa kisomo ukafanyika Agosti mimi bado kitandani.

Nilipotoka nikaambiwa wamefaulu thelathini na mmoja. Aliyefeli alikuwa amesafiri. Na aliyeongoza kwa mwandiko alikuwa nani? Bi Mwasiti binti Chande. Sikuamini mpaka alipoliandika jina lake mbele ya macho yangu, na si darasani, ila barazani kwake, kwenye gunia la korosho, bila kuulizwa. Haki ya Mungu, mwandiko ule! Ulikuwa umelala kidogo kuelekea mbele, herufi zimeshikana mikono, S imenyooka na kutazama inakokwenda, na chini ya jina ameweka mkia unaorudi nyuma na kuzunguka nukta. Cheti chake alikuwa amekitundika ukutani pembeni ya picha ya Al-Kaaba. Nikajiambia, unaona, Yustina, mbegu ulizopanda zimeota. Nilifurahi sana, na nilimweleza kila niliyekutana naye kwamba yule ni mwanafunzi wangu.

Akawa haandiki kwenye magunia tu. Aliandika kwenye mtungi, kwenye jembe, kwenye mlango wa choo. Alimwandikia barua mjumbe wa nyumba kumi kuhusu mbuzi wa jirani, na mjumbe alitujia kuuliza barua hiyo imeandikwa na wakili gani.

Novemba ikaingia. Msafara wa mahujaji ulikuwa uondoke tarehe ishirini na mbili, kwa ndege hadi Dar es Salaam na kuendelea. Petro akatuma ujumbe kwamba Bi Mwasiti apitie benki na hundi zake azikague kabla hajasafiri. Tukaenda Jumatatu, siku kumi na mbili kabla ya safari. Bi Mwasiti alikuwa amevaa kanga mpya. Petro akampa karatasi tupu.

"Hebu mama, andika hapa saini yako kama utakavyoandika kule. Tujaribu tu."

Bi Mwasiti akaandika. Mara moja, bila kutazama kalamu, na mkia wake akauzungusha. Akamsukumia Petro karatasi, akangoja kusifiwa.

Petro akaiweka karatasi kando ya hundi. Akatazama huku, akatazama kule. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Na huyu wa juu?"

Bi Mwasiti akainama kuitazama hundi. Nadhani hakuwa ameziona tangu Juni. Zilikuwa sandukuni zimefungwa kwenye leso. Akacheka. "Huyu na yeye ni mimi, mwanangu. Ila huyu alikuwa mjinga."

Petro hakucheka. Akatueleza polepole, na safari hii sikumwambia afanye haraka. Karani wa Jedda hamjui Bi Mwasiti. Anajua saini mbili tu. Akiona ya juu imetambaa na ya chini imeandikwa na msomi, atasema hundi hizi ziliibiwa kwa mwanamke asiyejua kuandika, na mwizi wake ndiye huyu aliyesimama hapa.

"Basi zirudishe," nikasema. "Mpe dirafti."

"Kuzirudisha pia lazima aweke saini ya pili. Na ifanane."

"Mchukulie kibali kingine."

"Miezi miwili, mwalimu. Kama kitatoka."

Hapo Bi Mwasiti akakaa kwenye kiti. Kiongozi wa msafara alikuwa amekwisha kuwaambia wote msikitini: asiye na fedha ya kujikimu kule haondoki, hatutaki mahujaji wa kuombaomba. Nauli ameshalipa, na nauli hairudi. Pauni mia zimelala mbele yake mezani, mali yake ya halali ya miaka kumi na moja, na haziwezi kumnunulia hata glasi ya maji. Alisema "Yarabi" mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akazifunga hundi kwenye leso yake. Sikuwahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yule mama siku ile, na huruma yenyewe ilikuwa imechanganyika na aibu, maana ni mimi niliyesema achukue hundi.

"Siku kumi na mbili zinatosha," nikamwambia njiani. "Mwandiko ule wa zamani uliusahau, utaukumbuka."

"Mwalimu," akasema, "serikali imenifuta ujinga. Nina cheti chake. Sasa wewe unataka kunirudisha?"

"Kwa hundi kumi tu, Bi Mwasiti. Ukitoka pale dirishani unaendelea na elimu yako."

Akafikiri mpaka tulipofika njia panda ya Likombe. Akasema sawa, ila cheti kisiguswe.

Basi nikaanza kufundisha ujinga, kazi ambayo chuoni hatukusomeshwa. Niligundua kwamba ni somo gumu kuliko yote. Tulinakili saini ya zamani kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ubaoni. Akaiangalia, akaiiga. M ikapata miguu yake mitano, S ikageuka, T zikalala. Ukiitazama haraka ni yenyewe. Nikampelekea Petro mbio. Petro akaishika karibu na dirisha akatikisa kichwa.

"Hii imechorwa," akasema. "Ona mstari unavyokwenda, imara, unasimama na kuendelea. Mtu anayeiga saini ndivyo anavyoandika. Hii ndiyo wanayoitafuta hasa."

Tukajaribu mkono wa kushoto. Kikatoka kitu kingine kabisa, kama Kiarabu kilicholewa. Tukajaribu kufumba macho. Mkia ukajileta wenyewe. Tukajaribu kalamu ya risasi fupi, kalamu ya wino mbovu, kuandikia magotini, kuandika baada ya kutwanga kinu kizima cha mtama ili mkono uchoke. Mkono ulichoka kweli, lakini ulichoka kisomi. Na siku zote hizo sikumfokea hata mara moja. Nilikuwa nampikia chai. Nilimwambia "pole, mama, hebu tena, taratibu," mimi Yustina, na kila nilipozidi kuwa mpole, ndivyo mwandiko wake ulivyozidi kupendeza. Siku ya tisa alitoa S moja nzuri ambayo ningeibandika darasani kwa ajili ya watoto.

Ijumaa, siku moja kabla ya ndege, Petro akatuita kwa mara ya mwisho. Akasema tutajaribu mpaka saa sita, benki ikifungwa basi tena, atampigia kiongozi wa msafara simu amweleze. Bi Mwasiti alikuwa ametoka kuagwa na majirani; alikuwa na udi kwenye nguo. Akasimama dirishani na karatasi tupu. Akaandika. Nzuri. Akaandika tena. Nzuri. Ya tatu, nzuri zaidi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita kasorobo. Akageuka akanitazama, machozi yanamlengalenga, akatabasamu kidogo, akasema, "Haitaki, mwalimu. Labda Mungu hajaniita." Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaendelea kuuzungusha ule mkia.

Nikalipuka. Sikupanga. Sina hasira, lakini nililipuka.

"We mama, hicho kichwa kina nini ndani, makumbi ya nazi? Wiki mbili! Wiki mbili nakuambia kitu kimoja! Kalamu si mwiko, ebo! Acha huo mkia! Nimesema acha! Mtu mzima hovyo, miaka hamsini huwezi kuandika herufi saba unavyoambiwa, ndiyo maana mpaka unazeeka ulikuwa hujui hata jina lako! Andika! Andika hapo nione! Usinitazame mimi, tazama karatasi!"

Benki nzima iligeuka kutazama. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni. Bi Mwasiti akatazama karatasi. Mabega yake yalipanda juu kuelekea masikioni, ulimi ukatokeza pembeni ya mdomo, vidole vikaikamata kalamu kama mchi, na mkono ukaanza kutetemeka tangu kwenye kiwiko. Akaandika.

Petro akaichukua karatasi. Akaiweka kando ya hundi. Safari hii hakuvua miwani.

"Ndiye," akasema.

Akamwambia aandike tena. Nikataka kusema kitu, na kabla sijafungua kinywa vizuri, mabega ya Bi Mwasiti yakapanda. Ikatoka ile ile. Akaandika mara tano, zote zikatambaa, zote S zimetazama zilikotoka. Petro akamrudishia hundi zake kumi, akamtakia safari njema. Kisha akanitazama, na kijana yule mpole hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anakumbuka tu.

"Ulikuwepo siku ile ya saini za kwanza, mwalimu. Ulisimama hapo hapo."

"Nilikuwepo," nikasema.

"Na kule Jedda?" akauliza. "Kule itakuwaje?"

Bi Mwasiti alikuwa anazifunga hundi ndani ya leso, fundo juu ya fundo. Tulirudi Likombe. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila neno nililolitafuta lilikuja limefuatana na yale makumbi. Mbele ya mlango wake nikampa shikamoo, saa saba mchana, ingawa tulikuwa pamoja tangu asubuhi. Akaitikia marahaba, akaingia ndani kumalizia kufunga mizigo. Kesho yake niliona ndege inapita juu ya shule nikiwa nasahihisha hesabu za kugawanya.

Barua ilifika katikati ya Januari, bahasha nyembamba yenye stempu ya kigeni. Jina langu juu yake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko ambao postamasta alikuja nao mwenyewe mpaka shuleni ili aone unamwendea nani. Niliisoma peke yangu darasani, watoto wameshaondoka.

"Kwa Mwalimu wangu Yustina. Salamu sana. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, wasiwasi uko kwenu. Napenda kukujulisha kuwa hundi zote kumi zimepokewa na sikukatwa kitu. Karani wa hapa ni mtu mpole sana. Siku ya kwanza aliniletea kiti na maji, na alitabasamu, nikaona sasa ataniharibia. Basi nikawa simtazami. Nilifumba macho nikakuona wewe umesimama nyuma yangu, mkono ukatetemeka wenyewe. Nilifanya hivyo kwa kila hundi. Ya mwisho karani aliuliza mama unaumwa? Nikamwambia hapana, baba, namkumbuka mwalimu wangu. Akasema lazima unampenda sana. Kiarabu changu kidogo hakikutosha kumweleza zaidi. Mwalimu, nimekuombea dua pale Arafa, Mwenyezi Mungu akuondolee hasira. Usione vibaya, nilimwombea na Muhidini aache sigara. Nikirudi nakuletea tende. Wako katika kisomo, Hajjat Mwasiti binti Chande."

Chini yake ulikuwepo mkia, umezunguka nukta.

Nililia pale kwenye dawati la mtoto, sisemi uongo, mpaka karatasi ikapata doa. Baadaye nikatoa kalamu nyekundu mfukoni, nikaisoma barua upya toka juu, neno kwa neno, nikitafuta kosa hata moja la kusahihisha. Sikupata.